Nilisema Asali ni ya Dani, Kumbe ni ya Uso Wangu

Mpendwa Shangazi Edinah,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, ingawa mimi mwenyewe ninaandika hii barua nikicheka mpaka machozi yananitoka, na machozi yenyewe yakifika shavuni yananichoma kama pilipili, na hapo ndipo shida yangu ilipo, usoni.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, ninapika chapati hapa soko la Uriri, na tangu nikiwa mdogo ngozi ya uso wangu ni kavu, na si kavu kidogo, Shangazi, ni kavu ya kupauka na kubanduka. Asubuhi huwa naosha uso kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia, maana nyumbani ndivyo tulivyolelewa, halafu nasimama mbele ya jiko mpaka jioni, moto unanipiga kutoka chini na jua kutoka juu, na ule upepo wa vumbi wa Januari ukianza, mashavu yangu yanatoa maganda meupe. Sasa fikiria mpika chapati aliye na vitu vyeupe usoni. Wateja wote wanadhani ni unga. "Madam, una unga hapo." Najipangusa, hautoki. Kuna mama anayeuza omena jirani yangu, siku moja alilowesha ncha ya leso yake kwa mate akanishika kidevu kama mtoto, akasugua, akasugua, kisha akaniangalia kwa huruma nyingi akasema, "Yawa! Kumbe ni wewe mwenyewe."

Nilikuwa nimezoea. Halafu akaja Okari. (Hilo jina tafadhali ulibadilishe.) Ni mfugaji wa nyuki kutoka upande wa Ntimaru, kila siku ya soko anakuja na pikipiki na ndoo zake za asali, mtu mrefu, mpole, na ana tabia moja, hucheka akiwa amechelewa, yaani unamwambia kitu cha kuchekesha, anatafuna chapati yake mpaka inaisha, halafu ndipo anacheka peke yake wakati watu wengine wameshaanza habari nyingine. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi langu, akala chapati tatu na maharagwe, akaniangalia kwa adabu, akagusa shavu lake mwenyewe na kusema, "Madam, una unga hapa."

Shangazi, niliiomba ardhi ipasuke, ikakataa.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kwa simu dawa za asili za uso mkavu, nikasoma ya kwamba asali inashika unyevu kwa ngozi, kwa hivyo siku ya soko iliyofuata nikajikaza nikaenda kununua chupa, na nani mwingine ana asali Uriri kama si yeye? Akafurahi. Akaniuliza, "Unaweka kwa chai?" Ningesema ndiyo. Neno moja tu, ndiyo, na leo nisingekuwa nakuandikia. Lakini aliniangalia vizuri hivi, akili yangu ikaruka, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, ni ya dani. Ana kifua."

Dani ni nyanya yangu, ndiye aliyenilea huko Ndhiwa baada ya mama kufariki. Ana miaka sabini na sita na hana kifua. Dani analima ekari yake kwa jembe, na akiita ng'ombe watu wa ng'ambo ya mto wanaitika. Mimi sijawahi kumsikia akikohoa hata moshi ukimwingia.

Asali ikafanya kazi, Shangazi! Nilikuwa nikijipaka kila jioni nikirudi kazini, naketi nayo kidogo kisha naiosha, na baada ya wiki tatu yale maganda yakapungua, shavu likawa laini, yule mama wa omena akanishika tena kidevu akasema leo nimeoga. Kwa hivyo nikaendelea kununua chupa kila wiki, na kila wiki Okari akiniuliza, "Dani anaendeleaje?" Na mimi nitasema nini? Ukisema amepona, huna sababu ya kununua asali. Kwa hivyo dani akawa hajambo kidogo, wiki nyingine akazidiwa, nyingine akashindwa kulala. Okari akaniletea tangawizi. Akaniletea majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Alikuwa akikaa kwa benchi hata saa mbili akiniuliza dani alikuwa mtu wa namna gani akiwa na nguvu, nami nikimsimulia, na hayo yote yalikuwa ya kweli, na tukicheka, mimi kwanza, yeye baadaye, na mahali fulani hapo katikati nikampenda mpaka chapati zikawa zinaungua.

Kisha siku moja akaniambia kanisa lao huko Kehancha limemwombea dani. Alisimama mbele ya watu siku ya Sabato akaeleza. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya, "Hata mimi nimefunga kwa ajili yake. Siku mbili."

Nilikosa pa kuweka macho. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nilifungua mdomo, naye akaendelea, "Nataka kukuoa. Wazee watakuja na mambo yao kwa utaratibu, lakini huyu ndiye aliyekulea, na hali yake ndiyo hiyo. Naogopa kuchelewa. Wacha mimi na mama yangu twende tumsalimie, nimwombe yeye mwenyewe akiwa bado anasikia." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa furaha, nikaruka, nikamwaga maharagwe, na ni mpaka nilipokuwa nikiyazoa chini ndipo nilipokumbuka dani yuko shambani anapalilia.

Wanakwenda Jumapili ya mwisho wa mwezi huu.

Sasa ongeza hii. Rafiki yangu Roselyn ana saluni, nikamwambia nataka uso ung'ae siku hiyo, asali peke yake inakwenda polepole. Akaniambia niongeze limau, na magadi, na sukari nisugue nayo, eti ngozi yote mbovu itatoka. Ilitoka, Shangazi. Mbovu na nzuri zikatoka pamoja. Nilisugua kama mtu anayesugua sufuria ya ugali, nikaosha, nikaenda kusimama jikoni kwa jua la saa sita, na kufika saa tisa uso wangu ulikuwa mwekundu, umevimba, na kesho yake ukaanza kumenyeka kama kiazi cha kuchemsha. Nikavaa barakoa, zile za wakati wa korona. Okari akaja, akaniona, akasimama na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Imekushika na wewe?" akaniuliza.

"Nini?"

"Kifua cha dani. Wewe ndiwe unamhudumia. Wacha chapati, panda hapa nikupeleke hospitali wakupime."

Na mimi, Shangazi, Mungu anisamehe, nilikohoa.

Nimempigia dani nikamweleza yote, nikamwomba siku hiyo alale tu kitandani na akohoe kidogo. Alicheka mpaka salio langu likaisha, nikaweka lingine, nikamkuta bado anacheka. Akasema, "Nilale kitandani msimu wa kupalilia kwa sababu ya mashavu yako?" Halafu akauliza, "Huyo kijana, asali yake ni safi?" Nikasema ni safi. Akasema, "Basi nyakwara, mjukuu wangu, nitakohoa mara mbili. Ya tatu sikohoi."

Naomba unishauri. Je, nimwache dani akohoe hizo mara mbili, tufunge harusi, kisha nimwambie Okari polepole tukishazoeana? Na huu uso nifanye nini, maana wiki mbili zimebaki na siwezi kwenda kumsalimia mama mkwe nikiwa na barakoa? Usichapishe jina langu.

Mimi, Msichana wa Chapati,
Uriri.

SHANGAZI EDINAH ANAJIBU

Mwanangu, uliniomba nisicheke. Nimeshindwa. Nilisoma barua yako nikiwa na kikombe cha chai, na sasa kitambaa cha meza kinafuliwa. Lakini nilipomaliza kucheka nilisoma tena ile sehemu ya kufunga siku mbili, na hapo sikucheka.

Nianze na uso, kwa sababu ndio unaouma. Tupa hilo limau. Weka kwa samaki, weka kwa chai, usoni liondoe. Limau ni kali, na likikutana na jua linaunguza ngozi. Magadi ni ya kulainisha mboga ngumu. Sukari ina ncha, inachana. Nani alikwambia ngozi kavu ni uchafu wa kusuguliwa? Ngozi kavu imekosa unyevu na mafuta, na wewe ulikuwa ukiinyang'anya hata kile kidogo kila asubuhi kwa sabuni ya kufulia. Hiyo pia irudishe kwa nguo zako.

Kwa sasa, osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu, maji matupu, kwa kiganja. Usiusugue kwa taulo, bonyezabonyeza tu, na kabla haujakauka kabisa paka mafuta mepesi juu ya ule unyevu ili yaufunge ndani. Mafuta ya nazi safi yatafaa. Yale mafuta ya mbegu za mti wa yao, yaani shea, yanayouzwa sokoni kwa jina la moo yao, yatafaa zaidi kwa ngozi kavu hivyo. Hata vaselini ya kawaida isiyo na manukato haina aibu. Asali yenyewe ipumzishe mpaka ngozi ifunge. Ikishafunga, irudie: tabaka jembamba, robo saa, mara mbili au tatu kwa wiki, uoshe. Ukitaka kubadilisha, ponda avokado iliyoiva vizuri upake hiyo. Aloe, ile dani wako anaiita ogaka, ni nzuri, lakini kata jani ulisimamishe kwanza yale maji ya manjano yatoke, hayo yanawasha, kisha utumie ute mweupe wa ndani peke yake. Na chochote kipya, nimesema chochote, kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima. Kiwiko hakiendi kumsalimia mama mkwe.

Barakoa vua. Inafungia jasho kwenye kidonda. Hamisha jiko upate kivuli, simama upande upepo unakotoka, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukiona malengelenge, usaha, au siku kumi zimepita bila nafuu, usiniandikie mimi, nenda zahanati umwonyeshe muuguzi.

Sasa mambo ya kukohoa.

Dani hatakohoa. Hata mara moja. Una mwanamume aliyekaa na njaa siku mbili kwa ajili ya kikongwe asiyemjua, na wewe unataka kumlipa kwa kumchezesha mchezo mbele ya mama yake? Uongo wako wa kwanza ulikuwa wa aibu, huo nakusamehe, hata mimi nimewahi kumwambia mtu nywele zangu ni zangu. Lakini huu wa sasa ni wa kupanga. Na unafikiri utaishi vipi? Dani wako ni mzima kama chuma. Kila Desemba mtakwenda Ndhiwa na kila Desemba umlaze kitandani?

Unaogopa nini hasa? Unaogopa kwamba alipenda mjukuu mwenye huruma, na si wewe. Lakini hizo saa mbili kwenye benchi ulikuwa ukimsimulia kweli, umesema mwenyewe. Na alikupenda ukiwa na unga usoni, mama.

Basi fanya hivi. Usimwambie kwa simu, usimtume Roselyn, usingoje Jumapili. Mwite mchana, uso ukiwa wazi hivyo hivyo unavyomenyeka, umwambie kwa sentensi fupi: dani haumwi, hajawahi kuumwa, asali nilijipaka. Kisha unyamaze. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Usilie ili akuonee huruma. Na akikusamehe, kumbuka lile kanisa lake halijui. Watu wanaoomba kwa moyo wanastahili kuambiwa ukweli na aliyewadanganya, si na mwingine.

Jibu hili nilimtumia kwa simu siku ile ile, kwa maana Jumapili haingoji gazeti. Wiki tatu baadaye akaniandikia tena, akaniruhusu nichapishe yote.

Shangazi mpendwa,

Weka jina langu, ni Linet, na la Okari uliache kama lilivyo, kwa sababu siku hizi Kehancha nzima inatujua.

Nilimwita Alhamisi mchana. Nilivua barakoa, nikasema zile sentensi zako moja baada ya nyingine, nikanyamaza. Aliniangalia uso. Akasema, "Nilisimama mbele ya kanisa, Linet." Nikasema najua. Akavaa kofia yake, akawasha pikipiki, akaenda. Hakula hata chapati.

Siku nne sikumsikia. Nilikuwa naosha uso kwa maji matupu na kupaka moo yao kama ulivyosema, na kila nikipaka nafikiri, uso unapona na mwenye kuuangalia hayupo. Siku ya tano akaja na kukaa kwenye benchi. Akasema, "Nilikuwa njiani jana. Nikakumbuka vile ulivyokohoa." Akaagiza chapati, akaila yote polepole, na mimi nimesimama na mwiko mkononi, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, Shangazi! Alicheka mpaka akashika meza. Mama wa omena akaja kuuliza nani amekufa.

Akasema, "Nitawaambia kanisani dani amepona."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nitasema mimi.

Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya watu wote wale, uso wangu bado una mabaka, nikasema niliwadanganya, dani yangu ni mzima, asali ilikuwa ya mashavu, mnisamehe. Halafu mzee mmoja wa kanisa akasema tumshukuru Mungu basi kwa afya ya huyo nyanya, wakapiga makofi. Na ibada ilipokwisha nikajua nimekwisha, maana kina mama walinijia kundi zima, na yule wa mbele kabisa, aliyevuka watu kwa viwiko, alikuwa Mama Gesare, mama yake Okari. Akanishika mkono kwa nguvu, akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unaipaka kabla ya kuosha uso au baadaye?"

Jumapili tulikwenda Ndhiwa. Dani alitupokea akitoka shambani na jembe begani, akamkagua Okari kutoka juu mpaka chini, akamwuliza ni kweli alifunga. Akasema ni kweli, siku mbili. "Maji ulikunywa?" Maji alikunywa. Dani akanigeukia mimi, na kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, nadhani ng'ambo ya mto walisikia, akasema:

"Mtu anayeninyimia tumbo lake chakula nikiwa mzima, siku nikiugua kweli atanifanyia nini? Nyakwara, huyu usimrudishe kwao bila jibu."

Harusi ni Agosti. Uso umepona, umekuwa laini sijawahi kuuona hivi. Sasa Roselyn ameniambia kuna kitu cha papai na manjano, eti wiki ya harusi nikipaka nitang'aa kama taa. Unasemaje?

Wako mwenye furaha,
Linet.

Linet, hongera, na nisalimie Okari. Kuhusu papai na manjano: wiki ya harusi hakuna jambo jipya linaloingia usoni mwako, hata kama limeshuka kutoka mbinguni. Papai kule, manjano kwa pilau. Wewe ni maji, mafuta, na kulala mapema. Na Roselyn mpe kazi ya kukata keki.